Mtumbwi Niliousifu kwa Mkwe Wangu

Mwanangu wa tatu hajui kuogelea. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililoniongoza katika yote nitakayoeleza, ingawa yeye mwenyewe aliliona dogo. Alizaliwa Mbale, chini ya mlima, ambako maji huteremka kwa haraka na kwenda zake. Mtu huyavuka au huyasubiri yapungue. Mimi pia sijui kuogelea, na baba yangu hakujua. Tumeishi hivyo bila upungufu wowote, alhamdulillahi.

Kisha kiwanda alichokuwa akifanyia kazi huko Jinja kikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Alikuwa akikaa Walukuba na mkewe na watoto. Alinipigia simu kunieleza kwamba Mungu amemfungulia mlango mwingine: atavua sangara kwa ndoano huko Wanyange, kando ya ziwa. Amekwisha toka mara kadhaa na rafiki yake, na kazi ameiona anaiweza. Kilichobaki ni mtumbwi wake mwenyewe.

"Na kuogelea?" nikamwuliza.

"Baba, wavuvi wengi hawajui kuogelea."

"Wengi walio hai?"

Akasema mtandao unasumbua.

Mimi ni mwalimu wa madrasa niliyestaafu. Nilikuwa na akiba ya kahawa ya shamba langu dogo, na mama yake na mimi tulikubaliana kwamba itumike kwa ajili yake, kwa kuwa mtu hupewa riziki ili ipite mkononi mwake. Akiba hiyo haikutosha mtumbwi mpya, wala haikukaribia. Nilimwambia tutatafuta uliotumika, na kwamba nitauchagua mimi. Aliuliza, kwa upole, ninajua nini kuhusu mitumbwi. Nilimjibu kwamba nimefundisha mlango wa biashara kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, pamoja na hukumu zote za aibu ya bidhaa, na mtu anayejua kasoro za ngamia aliyeuzwa anaweza kujifunza kasoro za mtumbwi. Mwanangu ana adabu. Aliniuliza nitashuka lini.

Basi nikashuka Jinja, nikafikia kwao Walukuba, na asubuhi yake tukaanza.

Chombo cha kwanza hakikuwa mtumbwi bali boti ya faiba, nyeupe, iliyokuwa ikiwapeleka wageni kuvua kwa starehe. Muuzaji, mfanyabiashara Mkenya mwenye sauti nzuri, alitueleza kwamba wageni hao humvua sangara, wakapiga naye picha, kisha wakamrudisha ziwani. Nilimwomba arudie, kwa sababu nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Nilikuwa nimesikia vizuri.

Mbele ya boti palikuwa na kiti cha kuzunguka, chenye mto mwekundu, kama cha kinyozi. Mwanangu akakikalia. Akazunguka. Akazunguka tena.

"Baba, hapa unavua pande zote."

"Mungu amekupa shingo kwa kazi hiyo hiyo."

"Mzee," akasema Mkenya, "hii ni mali safi. Injini yake haina neno."

"Inakunywa mafuta kiasi gani?"

"Ukienda pole pole, kidogo sana."

"Na nikisimama?"

"Ukisimama hainywi hata tone!"

"Basi kwa uwezo wetu," nikamwambia, "tutakuwa tumesimama."

Akacheka, akanishika mkono, akanitakia heri. Ilibidi nimwite mwanangu mara mbili ili ashuke kitini.

Wa pili ulikuwa mtumbwi wa mbao, mali ya askari mstaafu kutoka kaskazini, mtu mrefu aliyetupokea kwa heshima na kutuletea viti. Mtumbwi ulikuwa umepakwa rangi ya buluu, mpya kiasi kwamba niliugusa Jumatano na kiganja changu kikawa bado cha buluu siku ya Ijumaa. Ziwani kuna sheria ya urefu. Mtumbwi mfupi hauruhusiwi kuvua, na wanaosimamia sheria hiyo hawana mzaha. Kwa hiyo nilimwuliza kuhusu urefu kabla ya mengine.

"Iko refu, mzee. Wewe pima."

Nilitembea kando yake nikigonga kwa fimbo yangu. Mbao zilinijibu kwa sauti moja mpaka karibu na pua, ambapo sauti ikawa nyingine kabisa, kama mtu wa pili ameingia katika mazungumzo.

"Afande, pua hii imeongezwa."

"Kidogo tu, mzee. Kwanza ilikuwa fupi, sasa iko refu. Kwani mtu hakui?"

"Mtu hukua kutoka ndani. Hapigiliwi misumari."

Alifikiri. "Ni kweli," akasema. "Lakini rangi umeipenda?"

Nikamwambia rangi nimeondoka nayo.

Mpaka hapo nilikuwa nimeridhika na mwendo wangu. Nilikuwa nimeuliza, nimegonga, nimekataa, na hakuna aliyekasirika. Ndipo tukaenda kula chakula cha mchana kwa mkwe wangu.

Mkwe huyu ni baba wa mke wa mwanangu. Ni Msoga wa Wanyange, mzee wa kanisa, aliyefanya kazi kiwandani ujana wake, kisha akavua mpaka magoti yalipomkatalia. Binti yake yumo kanisani, mwanangu yumo msikitini, na wajukuu wetu bado wamo katika mazungumzo. Kiswahili chake ni cha kiwandani na changu ni cha madrasa, lakini vimekutana na kuzoeana. Nampenda mtu huyu. Lakini ni mkwe, na asiyetoka kwetu lazima nimweleze maana yake.

Kwetu mlimani, na kwao Busoga vilevile, mkwe huheshimiwa kwa tahadhari. Humkatalii anachoomba. Husemi kitu chake ni kibovu, hata kikiwa kinakuangukia. Hubishani naye bei, kwa kuwa mlikwisha kubishana mara moja, siku ya mahari, na hiyo inatosha kwa umri wote. Nimewahi kunywa kwa mkwe mwingine chai iliyotiwa chumvi badala ya sukari, na nikaongezwa kikombe cha pili, nikashukuru.

Siku hiyo kuku alichinjwa na jirani Mwislamu aliyeitwa kwa kazi hiyo, na kabla hatujanawa, mkwe wangu alimsimamisha jirani mbele yangu kama shahidi. "Ni huyu alichinja," akasema. Jirani akaitikia, akaenda zake. Tulikula vizuri. Baadaye tukatembea kuelekea ziwani ili chakula kishuke, na hapo kando ya njia, juu ya magogo, ulikuwa mtumbwi wake.

"Ule ni yangu," akasema. "Sasa iko mzee kama mimi."

Nami nikasema, kama mtu anavyosema pole kwa aliyejikwaa: "Mashaallah. Mtumbwi mzuri. Umeutunza."

Akasimama. "Umeupenda, mkwe?"

"Nani asiyeupenda?"

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na lilifanyika kwa maneno machache ambayo kila moja ningemsahihishia mwanafunzi kuwa ni adabu njema. Mkwe wangu aliutazama mtumbwi, akanitazama mimi, akamtazama mwanangu, kwa kuwa alijua, kama wote Wanyange, kwamba tunatafuta mtumbwi.

"Basi uchukue," akasema.

"Siwezi kuuchukua bure."

"Na mimi siwezi kukuuzia."

"Basi nitakupa kitu cha shukrani."

"Kile moyo wako utasema."

Kwa hiyo nilikuwa nimenunua mtumbwi, bila bei, bila kuugusa, na kuku bado yupo tumboni. Mkwe wangu alikuwa na uso wa mtu aliyepokea habari za msiba wa mbali. Nilidhani ni huzuni ya kuachana na chombo chake cha miaka mingi, nikamhurumia, nikamshukuru zaidi, na kila niliposhukuru uso wake ulizidi kuharibika.

Tulipokuwa tukirudi niliupitia karibu. Pamba ya zamani iliyozibia mianya kati ya mbao ilikuwa imechungulia nje kama masikio ya mzee. Chini, upande wa nyuma, palikuwa na kiraka cha bati juu ya kiraka cha bati. Ndani lilining'inia kopo la kutolea maji, na ukingo wake ulikuwa umeng'aa kwa kutumika. Nilikuwa na fimbo mkononi. Sikugonga. Kugonga mtumbwi wa mkwe mbele ya mkwe ni kama kumfungua kinywa na kumhesabu meno.

Mwanangu alifurahi. Alisema Mungu ametuonea huruma, tumeupata bila kuhangaika. Mkewe, aliyekuwa akituletea maji ya kunywa, alipiga magoti kunipa kikombe na hakusema kitu, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Nilirudi Mbale kutafuta pesa hizo za moyo wangu. Mama watoto alikuwa akichagua mchele.

"Mmepata?"

"Nimeusifu mtumbwi wa mkwe."

"Umeusifu au umeununua?"

"Kwa mkwe ni jambo moja."

"Unavuja?"

"Sikuuliza."

Aliinua uso. "Askari ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

"Mkenya ulimwuliza?"

"Nilimwuliza vizuri."

"Lakini huyu hukumwuliza."

"Ni mkwe, mama."

"Sawa," akasema, akarudi katika mchele wake. "Basi mwanangu atazama kwa adabu."

Mchele wake haukuwa na mawe mengi kiasi cha kunipa muda wa kutafuta jibu.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Subira ni ibada, lakini kuna wakati mtu huita uoga wake subira, na nilianza kushuku kwamba ndiyo hali yangu. Kisha nikapata hila. Nitakwenda Wanyange, niombe mtumbwi uingizwe majini, niseme nataka kusalia humo sala ya alasiri na kukaa nikisoma mpaka magharibi. Nani atamkataza mzee kusali? Na kama maji yataingia, yatanikuta palepale, nami nitakuwa nimejua bila kuuliza. Niliipenda hila hiyo kwa muda wa jioni moja. Ilipofika isha nilisimama kusali, na nikaona kwamba siwezi. Sala ina nia yake. Siwezi kusimama mbele ya Mola wangu huku nikimchungulia mkwe kwa miguu.

Ikabaki kuuliza tu, kwa mdomo, kama mtu asiye na malezi.

Nilikwenda peke yangu. Mkwe wangu alinipokea, na salamu zetu zikachukua muda wake: nyumba, wajukuu, magoti yake, mgongo wangu, mvua ya kwetu, mvua ya kwao. Zilipokwisha tukaanza nyingine. Nilipoona tumekaribia kuuliziana kuku, nikasema.

"Mkwe wangu, unisamehe kwa neno ninalolisema. Mwanangu hajui kuogelea. Nataka kuujaribu ule mtumbwi majini kabla sijautoa kwako. Nataka kuona kama unavuja."

Nikajua nimevunja kitu ambacho wazee wetu walikilinda kwa muda mrefu. Kisha akavuta pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Mkwe," akasema, "ile mtumbwi inavuja kama kikapu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulisifu! Ningesema nini? Niseme mkwe wangu hajui kitu mzuri? Umekuja kwangu, umekula, umesema 'nani asiyeupenda'. Nikasema moyoni, Yesu, sasa nitaua mume wa binti yangu kwa sababu ya heshima."

"Na kama ningeleta pesa?"

"Nilikuwa nimepanga." Aliangalia mlangoni, akashusha sauti. "Nilimwambia jirani yangu aibe hiyo mtumbwi kabla hujarudi. Yule alichinja kuku."

"Akasemaje?"

"Alienda kuiangalia. Akakataa."

Sijawahi kucheka mbele ya mkwe. Siku hiyo nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akacheka, na binti yake mdogo akachungulia kuona nani amepatwa na nini.

Lakini mimi ni mtu wa ushahidi, na nilikuwa nimesafiri. Nikamwambia, kwa kuwa tumeshakosa adabu, tuimalize. Vijana wakautelezesha mtumbwi majini, wakaufunga kwenye nguzo, karibu kabisa na ufuko, na sisi wazee wawili tukaingia tukakaa, yeye nyuma, mimi mbele, tukiwa tumekunja suruali. Wanawake waliokuwa wakipara samaki wakaacha kupara.

"Wazee, mnaenda wapi?"

"Hatuendi," akajibu mkwe wangu.

"Mnavua nini bila ndoano?"

"Tunangoja maji."

"Maji yako nje, jjajja, babu zetu! Hayo yote!"

"Tunangoja ya ndani."

Wakacheka wakaitana. Tukakaa. Mimi nilimtaja Mungu kimya kimya, kwa nia safi, kwa kuwa sasa hapakuwa na hila. Baada ya muda mkwe wangu akauliza:

"Huko imefika?"

"Bado. Kwako?"

"Kwangu iko kwa kifundo."

"Basi unazama upande wako."

"Upande wangu ni upande wako, mkwe. Mtumbwi ni moja."

Hilo lilikuwa kweli, na muda mfupi baadaye likanifikia. Maji yalikuja bila kelele. Niliyatazama yakizunguka vidole vyangu, na nikamwona mwanangu mahali nilipokaa, mbali, ambako hakuna nguzo wala wanawake wa kucheka. Nadhani mkwe wangu alikuwa akiwaona watoto wa binti yake. Tukashikana mikono kutoka, yeye akinivuta, na mkwe kumshika mkwe mkono namna ile pia si desturi.

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwingine. Alichukua fimbo yangu, hakuiomba, akaniongoza ufukoni kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, akiigonga na kuitukana mbele ya wenyewe. "Hii ni jeneza." "Hii imekula misumari yake." "Hii mwenyewe anajua, muulize kwa nini haangalii mimi." Wenye mitumbwi walimjua, wakakubali matusi yake kama watu wanavyokubali mvua. Mwanangu, aliyekuwa amefika kutoka Walukuba baada ya kusikia kwamba baba yake na baba mkwe wake wamekaa ndani ya mtumbwi uliofungwa, alitufuata nyuma bila kuuliza. Aliona ni salama zaidi.

Mwisho tukafika kwenye mtumbwi wa mtu aliyekuwa anahamia kwa ndugu zake kulima. Haukuwa na rangi. Ulikuwa mzito, mweusi kwa lami, wa mbao za mvule, na pua yake ilikuwa imezaliwa nao. Mwanangu alisema unafanana na kisanduku cha mkaa. Mkwe wangu akagonga toka mwanzo hadi mwisho, akarudi akagonga tena, na hakutukana. Nikajua tumefika.

Tuliukalia vilevile, sote watatu, mwenyewe akiwa amesimama ufukoni na mikono kiunoni. Wale wanawake wakauliza kama tumehamia ziwani. Tulikaa mpaka jua likaelekea kuzama. Mkwe wangu akaniuliza kwangu pakoje, nikamwambia pakavu. Nikamwuliza kwake, akasema pakavu. Tukamwuliza mwanangu.

"Baba, mimi nina njaa."

"Miguu yako?"

"Mikavu."

Bei tulibishana kwa furaha kubwa, kwa kuwa mwenye mtumbwi hakuwa mkwe wa mtu yeyote. Kilichobaki kilinunua jaketi la kuokolea, la rangi ya chungwa. Mwanangu aliona aibu kulivaa, akasema wenzake watamcheka. Mkwe wangu akamwambia, "Wewe vaa. Ukirudi, utacheka na wao."

Mtumbwi wake wa zamani aliubomoa yeye mwenyewe, na mbao zilizofaa zikawa banda la kuku. Amenialika kwenda kuliona. Amenionya nisilisifu.

Siku ya kwanza mwanangu alipotoka peke yake na mtumbwi wake nilikuwa Wanyange. Alitoka alfajiri. Mimi na mkwe wangu tulikaa ufukoni, kila mtu akiomba kwa dini yake, wala hatukuzungumza sana, kwa kuwa salamu zilikuwa zimekwisha. Alipotokea, wanawake wakamwahi, wakauliza amepata nini, wengine wakiwa wamekwisha shika beseni. Aliinua sangara wa wastani, akamshika juu kwa mikono miwili ili nimwone.

Nilimwona baadaye. Kwanza nilimtazama mwanangu suruali, kuanzia magotini kwenda chini, na mkwe wangu alikuwa akitazama hapohapo.